Maji ya Majivu Si Chai

Mwaka ule wa 1983 watoto wa Kharumwa walikuwa wanajikuna. Wanajikuna shuleni, wanajikuna kisimani, wanajikuna mpaka kanisani. Limi wangu, wa miaka mitatu, alijikuna tumbo likatoa damu. Mimi mama yake nilikuwa situlii. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, namfunua nione upele umefika wapi.

Nesi Salvina wa zahanati alinipa dawa ya kupaka.

"Mama Limi, dawa peke yake haitoshi," alisema. "Mwogeshe kwa sabuni, ufue nguo na matandiko yote. Usipofua, upele utarudi."

"Sabuni nitaitoa wapi, nesi? Duka la kijiji lina chumvi na viberiti tu."

"Hata mimi nazalisha akina mama kwa kunawa maji matupu," akajibu.

Jirani yetu Apolonia aliposikia hayo alituita wanawake kumi na mmoja. Yeye alijifunza kutengeneza sabuni kwa masista alipokuwa msichana.

"Mnangoja lori la sabuni litoke wapi?" alituuliza. "Mafuta ya ng'ombe tunayo. Miti ya pamba tunaichoma kila mwaka, majivu yanapeperuka bure. Tutengeneze wenyewe. Za kwanza ziende zahanati kwa wazazi. Zinazobaki tuuze, tununue mafuta mengine."

Mama mkwe wangu alicheka. "Muoge majivu! Mtatoka weusi kuliko mlivyoingia."

Tukaanza uani kwa Apolonia. Tulijaza majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, tukamwagia maji, yakachuja polepole. Maji yale tuliyachemsha yapungue, yawe makali. Apolonia akatumbukiza yai. Yai likielea, maji yako tayari kupikwa pamoja na mafuta.

"Maji haya yanakula nyama," alituonya. "Yanatoboa hata sufuria. Yasitoke hapa kwenda nyumbani kwa mtu."

Nilisikia vizuri. Lakini zamu yangu ya kupata sabuni ilikuwa wiki inayofuata, na Limi alikuwa anajikuna leo. Nikachota maji makali bila kumwambia mtu, nikapike yangu mwenyewe. Nyumbani nikayatia kwenye jagi letu la chai, nikaliweka chini ya meza. Nikaenda kuomba mafuta buchani.

Msomaji, maji ya majivu yana rangi ya chai.

Nilirudi mbio kwa kusikia kilio. Limi alikuwa ameshika shingo, mate yanamtoka, midomo imevimba. Jagi lilikuwa limelala ubavu.

"Mtie kidole atapike!" mama mkwe alipiga kelele. "Mtie kidole, mayu, mama yangu!"

Nilikuwa nimekwisha mfungua mdomo. Apolonia aliingia, akanipiga mkono.

"Usimtapishe! Yamechoma yakishuka, yatachoma tena yakipanda. Msukutue mdomo. Mpe maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza. Twende!"

Mume wangu Makoye alitupakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Nesi Salvina alisema Apolonia amefanya sawa, ila pale hapakuwa na tiba ya kutosha. Lori la pamba likatupeleka hospitali. Siku nne Limi hakumeza kitu. Alilishwa maji ya mshipa. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, nikipoteza hesabu naanza upya. Siku ya tano alimeza kijiko cha uji. Akalia. Akafungua mdomo, apewe kingine.

Tuliporudi, tulikuta balozi wa nyumba kumi ameitisha kikao. Makoye alikuwa wa kwanza kusema.

"Sabuni ikome! Huyu Apolonia ameleta sumu kijijini."

"Apolonia, unasemaje?" balozi aliuliza.

Apolonia alitazama chini. Alijua ni nani aliyechota, lakini hakunitaja. Wanaume wakaanza kuguna. Niliona sabuni inakufa, na watoto wataendelea kuoza ngozi kwa kosa langu. Nikasimama.

"Baba Limi, hakuleta yeye sumu ndani kwetu. Nimeleta mimi. Alinikataza, nikaiba. Nikaweka kwenye jagi la chai."

Makoye alinitazama kama mgeni. "Wewe?"

"Mimi. Mnifukuze mimi kwenye kikundi. Sabuni muiache."

Apolonia akasema, "Hatumfukuzi. Yeye ndiye atakayelinda mlango."

Hapo ndipo tulipobadilisha mambo. Tulizungushia ua wa miiba mahali pa kupikia. Maji makali yanakaa kwenye chungu chenye mfuniko uliofungwa kamba, juu ya uchaga. Chombo cha kulia au cha kunywea hakiingii mle. Kila siku ya kazi mmoja wetu anakaa na watoto wote mbali, chini ya kivuli cha ghala. Makoye mwenyewe alikata miiba. Alikuwa ananuna, lakini alikata.

Mvua zilipoanza, zahanati ilikuwa na sabuni. Nesi Salvina alisema wanaokuja na upele wamepungua. Mama mkwe naye alikuja kuchukua kipande.

"Bado hujawa mweusi, mayu?" Apolonia alimtania.

"Nipe kikubwa, acha maneno."

Limi amepona, ila sauti yake imebaki na mkwaruzo. Mtoto yeyote akikohoa, moyo wangu unaruka.

Juzi walikuja wanawake wawili kutoka Kagongwa kujifunza. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Nilisimama mlangoni.

"Mtoto haingii."

"Amelala, dada."

"Ataamka."

"Nitamshika vizuri."

"Utamshika kwa mkono upi? Mle ndani mikono yote miwili inakoroga."

Alinitazama, akatazama miiba. Akaifungua kanga taratibu. Nikampokea mtoto mwenyewe, nikampeleka kwa wenzake.