Rimoti ya Tano

Yote yalianza siku sebule ilipoacha kukoroma.

Kwa miaka tisa nyumba ile ilikuwa na mkoromo wake, wa chinichini, nyuma ya kabati la runinga. Mshonaji aliuzoea kama alivyoizoea cherehani yake. Aliamini ni amplifaya kuukuu ya mumewe, ingawa ulisikika hata umeme ukikatika. Alipolalamika, mumewe alimjibu, "Acha ukorome, mke wangu. Siku ukinyamaza, niambie." Mshonaji alicheka. Sasa mume alikuwa marehemu, na wa kumwambia hakuwepo.

Fundi Waya aliitwa Jumamosi asubuhi. Mshonaji alichoshwa na rimoti nne, ya runinga, ya deki, ya king'amuzi, ya spika, na ile inayotakiwa siku zote imejificha chini ya mto wa kochi. Alitaka moja ya kuziamuru zote. Fundi akaing'oa amplifaya kuukuu, akafunga mpya. Nyuma ya ile ya zamani akakuta rimoti ya tano. Ilikuwa imeviringishwa utepe mweusi, haina betri, na ilikuwa na kitufe kimoja tu, chekundu.

Mtu mwingine angeuliza. Fundi Waya alikuwa mtu wa kujisifu kwamba hajawahi kuacha rimoti hata moja nje ya kazi. Akabandua utepe, akatia betri, akailaza rimoti hiyo uso kwa uso na ile mpya, akabonyeza. Kijitaa cha ile mpya kikamemeta. Ilikuwa imeshika amri ya ile ya zamani.

Akajaribu kuwasha vyote, kisha akazima vyote. "Kitufe kimoja, mama. Kinawasha, na hichohicho kinazima."

Mshonaji akatega sikio. "Na mkoromo umekwisha! Mkono wako una baraka, fundi."

Kuanzia siku hiyo bintiye, kitindamimba wa miaka sita, mtoto wa kugombania katuni hadi machozi, akawa anaomba runinga izimwe. Ikizimwa, aliketi akiitazama kona, akinong'ona na kucheka.

"Unacheza na nani, mwanangu?"

"Hajaniambia jina. Tukimaliza mchezo tunaenda kwao."

Mshonaji alijiambia watoto ndivyo walivyo. Hata hivyo, moyo wake haukutulia.

Jumanne alasiri mteja alimpigia simu kuhusu gauni. Runinga ilikuwa inawaka, naye akaipunguza sauti ili asikie vizuri. Ndipo alipousikia mkoromo, uleule, nyuma ya kabati lilelile, na amplifaya aliyoisingizia miaka yote ilikuwa imelala karakana kwa fundi, na pamoja na mkoromo ikaja harufu ya nywele zilizoungua, ikapanda taratibu kutoka sakafuni hadi kooni, na yeye akasimama na simu mkononi, mteja akiita haloo, haloo, hadi vidole vilipopata nguvu ya kubonyeza kitufe, na vyote vikazimika, na mkoromo nao ukakatika.

Fundi alifika mbio. Mshonaji akawasha vyote, akapunguza sauti. Walisikiliza bila kutazamana.

"Mama," fundi alinong'ona, "kosa ni langu. Kuna rimoti niliikuta nyuma pale. Nilivyoiingiza kwenye hii mpya, kila ukiwasha runinga unaliwasha na hilo lidude."

"Basi lizime, fundi. Nina mtoto humu ndani."

Fundi akaitoa mfukoni rimoti ya tano, akailekeza nyuma ya kabati, akabonyeza. Mkoromo ukakoma. Hapohapo akaifuta kwenye rimoti mpya, akaitoa betri ile ya zamani, akaiweka chini na kuipiga nyundo hadi ikawa vipande vipande. Mshonaji akajitupa kwenye kochi, akalia kwa furaha.

"Mama, mbona mmeivunja?"

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea.

"Ile ilikuwa na kitu kibaya, mwanangu. Tumekizima. Hakikoromi tena."

Mtoto akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mdogo wake. "Lakini mama, mtu akikoroma si ndiyo amelala?"

Siku ukinyamaza, niambie. Maneno ya marehemu yalimrudia mshonaji, na akaelewa miaka tisa yote kwa mara moja. Akamgeukia fundi. Fundi alikuwa tayari amepiga magoti, anaokota vipande, anajaribu kukiunga hiki na kile.

"Mchezo umekwisha," binti alisema. "Anasema twende."

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, juu sana, kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mzima mrefu. Mshonaji alimrukia, akaukamata ule wa kushoto, akavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Upande wa pili nao ukavuta.