Bati na Mvua

Mafundi bati wa Mwanjelwa hawapigi nyundo kwa ajili ya muziki. Hutengeneza majiko, ndoo na mifereji ya kukingia maji, na hupiga haraka kwa sababu wateja wamesimama. Asubuhi moja ya Machi, katikati ya makelele hayo, alisimama msichana mwenye sweta ya njano na viatu vya mpira, ameinua kinasa sauti juu ya kichwa chake.

"Dada, unatupiga picha?" aliuliza kijana mrefu aliyebeba spika begani.

"Nachukua sauti. Nyamaza, unaniharibia."

"Mimi ndiyo naharibu? Na nyundo zote hizi?"

"Nyundo zinajua zinachofanya."

Kijana akacheka hadi spika ikatikisika. Aliitwa Asukile, fundi redio wa Ilomba, naye alivaa ovaroli ya bluu iliyokatwa mikono ingawa baridi ya Mbeya ilikuwa inauma. Msichana aliitwa Esnath. Alikuja Mbeya kufanya kazi katika duka la vifaa vya ofisi, na kwao ni Ipogolo, Iringa.

"Mnyalukolo! Ndiyo maana mkali."

"Na wewe Mnyakyusa, ndiyo maana unamsemesha usiyemjua kama mmekua pamoja."

Siku ile ile Asukile aliziingiza nyundo zile kwenye kompyuta yake, akaziwekea ngoma nzito chini yake. Esnath akaongeza mvua aliyoirekodi juu ya paa la chumba chake. Waliusikiliza wimbo mzima. Kisha wakapiga tena, mara sita. Kundi likapata jina siku hiyo hiyo: Bati na Mvua.

Walianza katika sherehe za mahafali, wakaitwa Tunduma, wakaitwa Njombe. Hawakuimba, na hilo liliwatatiza wenye kumbi. Mmoja alimwambia Asukile, "Wewe piga mashine, huyu dada acheze mbele."

Esnath ndiye aliyemjibu. "Mashine ya pili ni yangu, na haijipigi. Ukitaka mcheza shoo, tafuta. Ukitaka Bati na Mvua, lete meza mbili."

Meza mbili zililetwa. Kutoka siku hiyo Asukile alijua kwamba hampendi kwa sababu ya muziki tu.

"Mpenzi, umekula?" alikuwa akimpigia simu kila mchana.

"Nimekula ndizi. Nakaribia kuwa Mnyakyusa."

"Bado hujui kujisikia kama sisi. Nitakufundisha."

Kosa lilitokea mwaka wa pili, Jumamosi alasiri, katika ukumbi uliojaa Mbeya mjini. Esnath alikuwa amempa Asukile kadi yenye sauti zake zote alizozikusanya. Asukile, akitaka kumfurahisha siku yake ya kuzaliwa, alichagua sauti moja ya mama aliyeimba Kihehe peke yake, bila ala. Hakuelewa neno hata moja. Aliona uzuri wake tu. Aliikata, akaipandisha kasi, akaiwekea nyundo.

Sauti ile ilipotoka kwenye spika, ukumbi mzima uliruka. Esnath aliganda. Ilikuwa sauti ya mama yake, Matilda, akimlilia mumewe, baba yake Esnath, siku ya mazishi: *Umeniachia jembe, mpini umeondoka nao.* Na watu mia tatu walikuwa wakipiga miluzi juu yake.

Esnath alichomoa waya mwekundu uliounganisha mashine na spika, akauviringisha mkononi, akatoka nao.

Alipopokea simu ya Asukile, ilikuwa siku ya nne, na alikuwa ameshafika Ipogolo.

"Esnath, sikujua ni msiba."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Hilo ni kosa langu, silikwepi. Lakini kucheza si tusi. Kwetu Tukuyu tulipomzika babu, ngoma zilipigwa mchana kutwa na wanaume wakaruka hadi vumbi likafunika kaburi. Ndivyo tulivyomheshimu."

"Babu yako ni wako. Huyu ni baba yangu."

Akakata simu. Lakini wimbo ulikuwa umeshaenea. Waliokuwepo ukumbini waliurekodi kwa simu zao, ukafika Iringa kabla ya wiki kwisha, ukamfikia Timotheo, kaka mkubwa wa marehemu na mzee wa kanisa. Alituma neno kali: kijana aje aufute mbele ya familia, na kundi hilo life.

Asukile alikuja. Alishuka Ipogolo saa tisa alasiri, amevaa koti jeusi la kuazima, fupi mikononi, na kompyuta kifuani. Uani alimkuta Mama Matilda anachambua vitunguu, Esnath ameegemea ukuta katika kitenge cha zambarau, na Timotheo ameketi kwenye kiti pekee chenye mto.

"Kamwene, mama," alisalimu Asukile.

"Kamwene. Kumbe unajua Kihehe."

"Nimejifunza njiani. Neno hilo tu."

Esnath akatazama pembeni ili asionekane anatabasamu.

"Hatukuja kusalimiana," alisema Timotheo. "Walevi wanarukia msiba wa mdogo wangu. Futa."

Asukile akafungua kompyuta. "Nimekosa, baba. Nitaufuta wote."

"Haufutwi!" Esnath alisogea mbele. "Baba mkubwa, nimekukosea adabu, nisamehe baadaye. Sauti si yako, si yangu, si ya huyu. Ni ya mama, na hakuna aliyemuuliza. Hata mimi niliyemrekodi sikumuuliza."

Mama Matilda alifuta mikono kwenye khanga. "Niwekeeni nisikie."

Asukile akauweka. Mama alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Mmenikosea," alisema. "Sauti yangu iko chini. Nyundo zinanifunika."

"Shemeji!" Timotheo alisimama.

"Kaa, shemeji. Mume wangu alipenda kucheza kuliko watu wote wa Ipogolo, na siku ya kumzika hakuna aliyeinua hata mguu. Mimi nilikuwa bado naimba, ukanishika bega ukaniambia ninyamaze, kwaya ianze. Unakumbuka? Ubeti wa mwisho nilimeza. Miaka mitano nimeumeza."

Timotheo alikumbuka. Alichukua kofia yake, akaanza kuelekea getini.

"Umefuata waya au umenifuata mimi?" Esnath alimnong'oneza Asukile, waya mwekundu mkononi.

"Waya Mbeya zipo dukani. Nataka kukuoa. Nasema sasa, kabla baba mkubwa hajatoka getini, asije akasema sikujitokeza."

"Meza zinabaki mbili."

"Mbili."

"Na sauti yoyote, tunamuuliza mwenyewe kwanza."

"Kila mara."

"Basi utakuja tena na wazee wako, waniombe kwa baba mkubwa huyo huyo. Atakataa. Utarudi tena."

"Nitarudi mpaka achoke."

"Mmemaliza?" aliuliza Mama Matilda. Alikuwa amesimama katikati ya vitunguu vyake, khanga ameifunga upya. "Koo langu halingoji mapenzi yenu. Nirekodini ubeti nilioumeza."

Esnath akanyoosha waya kutoka kwenye kinasa sauti chake. Asukile akauchomeka kwenye kompyuta. Getini, Timotheo alisimama na mkono kwenye komeo, asitoke wala asirudi, na mama akaanza ubeti pale alipokatizwa.