Mzee Pasi na Jiko la Upepo

Mzee Pasi hakupenda makunyanzi. Kola ya shati lake ilisimama wima. Suruali yake ilikuwa na mstari ulionyooka kama rula. Hata taulo la kuogea alilipiga pasi. Majirani walimtania kwamba siku akifa atafufuka ili ainyooshe sanda yake.

"Kwani nyinyi mtaikunja vizuri?" aliwajibu.

Kazi yake ilikuwa udobi. Aliianza ujanani kwa pasi ya mkaa, akaendelea nayo hadi zama za pasi ya umeme. Uani kwake kulikuwa na kamba ndefu kutoka ukuta hadi ukuta. Asubuhi alianika mashuka ya nyumba ya wageni. Mchana aliyageuza. Alasiri aliyakunja, pembe kwa pembe. Hakuna mteja aliyewahi kumrudishia nguo kwa lawama. Jambo hilo alilisema mara nyingi, hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Fahari yake nyingine ilikuwa mkewe. Mama huyu alijua kupika. Mgeni akiingia, kabla jasho halijamkauka, karai la mafuta lilikuwa jikoni likichemka. Chipsi zilitoka za rangi ya dhahabu. Vipande vya kuku vililia kruu mdomoni. Wageni waliaga mara tatu, na bado hawakuondoka.

Lakini mwaka uliopita karai lilipinduka. Mafuta ya moto yalimmwagikia mama mkononi. Kidonda kilipona, kovu likabaki, kutoka kwenye kiganja hadi kwenye kiwiko. Lilikuwa kunyanzi la pekee katika nyumba ile ambalo Mzee Pasi hakuweza kulinyoosha. Tangu siku hiyo mama alivaa nguo za mikono mirefu, hata wakati wa joto. Na kila aliposikia mafuta yakilia, mkono ule ulimtetemeka.

Binti yao wa mwisho, ambaye alikuwa ameolewa karibuni, aliliona hilo. Akawaletea zawadi. Lilikuwa jiko dogo jeusi, lenye droo mbele na kikapu ndani ya droo.

"Hili halitaki karai la mafuta," alisema. "Linakaanga kwa upepo wa moto."

Dukani waliliita air fryer. Nyumbani likaitwa jiko la upepo. Mama alilifumia kitambaa cheupe, akalifunika kama watu wanavyofunika redio. Likakaa pembeni ya jikoni, limebanwa na ukuta, likitazamwa tu. Hakuna aliyeliwasha.

Kisha binti akapiga simu. Jumamosi angekuja na mumewe, pamoja na baba mkwe na mama mkwe. Wakwe walikuwa hawajawahi kufika pale nyumbani.

Mama alikata simu, akalitazama karai juu ya rafu.

"Itabidi nishike karai," alisema.

"Hushiki," alisema Mzee.

"Basi wakwe watakula nini? Mashuka?"

"Watakula chipsi na kuku. Nitapika mimi."

Mama alicheka hadi akashika ubavu. "Wewe? Wewe ambaye chai yako ina ladha ya sabuni?"

"Cheka, mwenzangu, cheka. Jumamosi utakaa kwenye kiti kama mgeni. Mafuta ya moto hutayanusa. Nimesema."

Na Mzee Pasi akisema neno, huwa amelipiga pasi. Halikunjwi tena.

Alhamisi mchana, mama alipokwenda sokoni, Mzee aliamua kujaribu. Alikuwa amenunua mfuko wa chipsi zilizogandishwa, na mfuko wa vipande vya kuku vilivyopakwa chenga za mkate. Vyote vilikuwa vigumu kama mawe. Akaviweka kwenye beseni la maji ili vilainike. Akaviosha vizuri, maana kwake yeye hakuna kitu safi kama hakijapita majini. Chenga za mkate zikabanduka zote. Kuku wakabaki uchi.

Kisha akajaza kikapu. Akamimina chipsi na kuku pamoja, akashindilia kwa kiganja, kama mtu anayefunga sanduku la safari. "Sahani ya mgeni haiwi nusu," alijiambia. Akaongeza kikombe kizima cha mafuta. Jiko akaliacha palepale ukutani. Kitambaa cha mama hakukitoa, kisije kikapotea. Akachomeka waya kwenye ekstensheni, pembeni ya waya wa pasi yake, akawasha vyote viwili. Akaenda kunyoosha mashati.

Kwanza kulitoka harufu. Kisha moshi. Kisha taa ikazimika, pasi ikapoa, na nyumba nzima ikawa kimya.

Mzee alikimbilia jikoni, akachomoa waya na kung'oa kitambaa. Ukingo mmoja ulikuwa umeungua. Akavuta droo. Chipsi za juu zilikuwa nyeusi. Za kati zilikuwa mbichi. Za chini zilikuwa zimeshikana kama sabuni iliyolowa, zinaogelea katika mafuta.

Mama alirudi akamkuta amesimama hapo. Safari hii hakucheka. Alitua kapu lake, akapandisha mkono kwenye rafu, akashusha karai. Akaanza kulifuta vumbi.

"Umejaribu, baba watoto," alisema. "Inatosha."

Sauti yake ilikuwa tulivu. Lakini mkono wenye kovu ulitetemeka, na karai likagongagonga ukingo wa meza. Ngo, ngo, ngo. Mlio ule ulimwingia Mzee hadi kwenye mifupa.

"Lirudishe," alisema.

"Na wakwe?"

"Lirudishe, nakuomba. Jumamosi bado."

Mzee Pasi hakuzoea kuuliza. Yeye ndiye aliyezoea kuulizwa: doa la chai linatokaje, hariri inapigwaje pasi. Lakini alibadilisha shati, akafunga vifungo vyote, akaenda nyumba ya tatu. Kwenda kujifunza nako ni shughuli. Mtu haendi amekunjamana.

Katika nyumba ya tatu aliishi mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kantini. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, na kwake alikuwa na jiko kama lile.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, mzee. Nimesikia harufu, nikasema leo kuna anayechoma godoro."

"Ndimi huyo."

Mama Kantini alifuatana naye hadi jikoni. Alitazama droo, akatazama kitambaa, akatazama beseni. Akaweka mkono kiunoni.

"Mzee, hawa kuku umewafua?"

"Nimewaosha."

"Ukawasuuza?"

"Mara mbili."

Mama mwenye nyumba alicheka akiwa palepale mlangoni. Mzee mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka.

"Haya, mzee wangu, niambie," alisema Mama Kantini. "Yale mashuka ya nyumba ya wageni, ukishayafua, unayarundika uani?"

"Niyarundike! Yatakauka lini? Yatavunda katikati."

"Unayafanyaje?"

"Natandaza moja moja. Upepo upite mbele na nyuma. Jua likisogea, nageuza."

"Na siku yakiwa mengi, kamba haitoshi?"

"Naanika kwa zamu. Haya yakikauka, yale yanapanda."

Mama Kantini aligonga jiko kwa kidole. "Hii ndiyo kamba yako. Ila upepo wake ni wa moto. Kuna feni humu ndani. Inazungusha upepo, na upepo unataka njia. Ukishindilia, utapita wapi?"

Mzee Pasi alitazama kikapu, akatazama kamba yake kupitia dirishani. Uso wake ukaanza kunyooka taratibu, kama kitambaa chini ya pasi.

"Basi kazi hii naijua," alisema.

"Tangu kabla sijazaliwa, mzee. Sasa nikuongezee machache. Chipsi za mfuko haziyeyushwi. Zitoke kwenye friza, ziingie jikoni zikiwa na barafu yake. Ukiyeyusha, zinalowa na kuvunjika. Na haziongezwi mafuta. Kiwandani zimeshapakwa."

"Na kikombe changu kile?"

"Kile ni cha hatari. Mafuta mengi yanatoa moshi, yanaweza kuwaka. Hata ukikata viazi vibichi mwenyewe, kijiko kimoja cha kupakia kinatosha."

"Na kuku?"

"Kuku haoshwi. Ukimwosha, maji yanarukia vyombo, na vijidudu navyo vinaruka. Ukishamshika, nawa mikono kwa sabuni. Mpange kikapuni safu moja, wasigusane. Mpike peke yake, chipsi peke yake. Na usidanganywe na rangi ya nje. Chukua kipande kinene kuliko vyote, ukipasue. Ndani kuwe kweupe, mvuke utoke. Ukiona wekundu, rudisha."

"Kwa muda gani?"

"Soma mfuko. Umeandikwa joto na dakika. Lakini majiko hayafanani, kwa hiyo macho yako yasiende likizo. Katikati ya mapishi, vuta droo, tikisa chipsi, geuza kuku. Zikiwa za dhahabu, toa. Usingoje ziwe nyeusi."

Kisha alilivuta jiko mbele, mbali na ukuta.

"Na hili linapumua kwa nyuma. Lipe nafasi. Jiko livishwe kitambaa likiwa limelala. Likiamka, livuliwe."

"Umeme je? Ulizimika wote," alisema mama mwenye nyumba.

"Lilichomekwa wapi?"

Mzee alionyesha ekstensheni.

"Pamoja na pasi! Mzee, hawa ni wake wenza. Kila mmoja anakula umeme mwingi. Ukiwaweka chumba kimoja wataunguza nyumba. Jiko lichomekwe peke yake, ukutani."

"Ungemwambia mapema," alisema mama. "Mimi mwenyewe pasi ile nimeivumilia miaka yote."

Ijumaa, umeme ukiwa umerudishwa, Mzee alijifunza kwa mikono yake. Kwanza alisafisha kikapu kwa sponji laini, jiko likiwa limepoa na waya umechomolewa. Alinunua mifuko mipya, akasoma ule wa chipsi kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Akaweka chipsi nusu ya kikapu, hapana zaidi. Mkono ulimwasha kuongeza. Hakuongeza. Katikati alizitikisa. Zilipotoka, alimpelekea mkewe kwenye kisahani.

Mama alitafuna. Akatafuna tena.

"Chumvi kidogo," alisema.

Kwa mpishi kama yule, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Mzee alitembea uani mikono nyuma, kama mkaguzi wa gwaride.

Jumamosi wakwe walifika. Baba mkwe alikuwa mtu mnene mwenye kicheko kikubwa. Mama mkwe alikuwa mtu wa macho. Alitazama mapazia, akatazama vitambaa vya viti, akatazama kola ya Mzee Pasi. Hakupata kosa.

Mama alikaa kitini. Mara mbili alitaka kuinuka, na mara mbili Mzee alimtazama. Alikaa.

Sahani ya kwanza ikaja. Ilikuwa na kuku waliopangwa kwa mstari, si wengi. Binti alimtazama baba yake kwa wasiwasi. Baba mkwe alitazama sahani, kisha akatazama tumbo lake.

Mzee Pasi alisimama katikati ya chumba, taulo jeupe begani.

"Wakwe zangu," alisema, "katika nyumba hii chakula hakirundikwi. Kinaletwa kwa zamu, kila zamu ya moto. Kuleni hii. Nyingine iko kambani."

"Kambani?" aliuliza mama mkwe.

"Jikoni, mama. Huyu ni dobi," alisema mama, na watu wote wakacheka.

Wakala. Kuku akalia kruu. Kabla sahani haijaisha, chipsi zikafika, kavu na za dhahabu. Kabla chipsi hazijaisha, zamu nyingine ya kuku ikafika, kwenye sahani nyingine safi. Hakuna aliyekula kilichopoa. Baba mkwe aliacha kuzungumza kabisa, na mkewe akasema hilo halijatokea tangu harusi yao.

"Mwenzangu," mama mkwe alimgeukia mama, "kwangu zikipoa zinakuwa kama kamba za viatu. Hizi umezikaanga vipi?"

"Sikuzikaanga mimi."

"Nani basi?"

Mama alijinyoosha kitini. Alipandisha mkono wa gauni lake hadi kwenye kiwiko, mbele ya watu wote. Kovu likaonekana lote.

"Mwaka jana mafuta ya moto yalinifanya hivi," alisema. "Mume wangu akasema sitayanusa tena mbele ya wageni. Akaenda akajifunza, na mvi zake zote hizo. Zimepikwa na yeye."

Mama mkwe alinyoosha mkono, akaushika ule mkono wenye kovu, hakuuachia upesi. Kisha akamgeukia mumewe.

"Umesikia wewe?"

"Nimesikia," alisema baba mkwe, mdomo umejaa. "Nakula kwanza. Nitajifunza kesho."

Mlangoni, Mzee Pasi alikuwa ameshika kikapu kitupu. Akarudi jikoni kupanga zamu ya mwisho.

Siku hizi ukiingia jikoni kwao, utaliona jiko la upepo mezani, limesogezwa mbali na ukuta. Kitambaa chake kina ukingo mpya. Mama ndiye anayepika tena, amevaa gauni la mikono mifupi, na mkono hautetemeki. Akichoka, anapika Mzee. Majirani huja kuuliza, na yeye huwaeleza wote, hata wasiouliza.

Na lile karai la mafuta? Liko uani, chini ya kamba. Mzee analitumia kuwekea vibanio vya nguo.