Mzunguko wa Nyumba Moja

Jumatatu asubuhi, pale kwenye kiwanda cha uchapaji, hapakuwa na pa kuweka mguu. Wasambazaji wa vipeperushi walijipanga hadi barabarani, kila mmoja akingoja bunda lake linalonuka wino na kufungua simu kuona ramani ya mitaa atakayopita. Fundi wa ramani, ambaye kwa kawaida hakutoka ofisini ila kufuata chai, alikuwa ametumwa aje aone kwa nini watu wanailalamikia programu yake. Hazikupita dakika tano, jibu likamjia kwa miguu.

Lilikuwa limevaa gauni la buluu lililokunjwa mikono, na raba ambazo zamani zilikuwa nyeupe. Wenzake walimwita Mwendo, maana kuongozana naye kulikuwa sawa na kukimbia.

"Kaka, unamjua aliyechora hii?" alimwuliza, simu akiisogeza karibu na miwani ya fundi. "Ananiambia nipite hapa. Hapa ni ukuta."

"Ni mimi."

Mwendo alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu vilivyong'aa. "Ndiyo maana," alisema. "Viatu hivi havijawahi kuona mlima."

Foleni ikacheka, na fundi akacheka nayo ingawa masikio yalimwaka moto. Akaomba namba ya simu, kwa ajili ya masahihisho, na tuseme kweli: hakuna ramani iliyowahi kusahihishwa kwa simu nyingi kiasi kile. Wiki ya kwanza waliongea habari za kuta na vichochoro. Ya nne fundi alikuwa akimpigia kuuliza kama amekula. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ofisi nzima ilijua kabla ya wenyewe. Kila siku saa nne fundi aliitazama nukta ya kijani iliyomwonyesha Mwendo kwenye kompyuta ikipanda mzunguko wa mlimani, mgumu kuliko yote, wenye ngazi mia mbili za mawe, na moyo wake ukapanda nayo.

"Umefika wapi, mpenzi?"

"Si unaniona huko kwenye kioo chako?"

"Naona nukta. Mimi nataka sauti."

"Sauti imebaki chini, inapumzika. Na leo magoti yangu yanakutukana, bwana ramani."

Ulikuwa utani tu, lakini mtu akishapenda husikia hata maumivu yasiyokuwepo. Siku hiyo fundi hakula vizuri. Kabla ya kufunga ofisi alimwondoa Mwendo mlimani, akampa mzunguko ule msambazaji mgeni, na kumpangia Mwendo mitaa ya tambarare, yenye vivuli na milango inayotazama barabara. Hakumwuliza mtu. Alidhani anaandaa zawadi.

Asubuhi simu iliita, na safari hii hapakuwa na utani.

"Nani ameniondoa mlimani?"

"Mimi. Nilikuonea huruma, yale magoti..."

"Magoti yangu nilikukabidhi lini?"

Ndipo akamweleza alichokuwa amekinyamazia. Mkurugenzi alikuwa ameahidi kwamba atakayeushika mzunguko wa mlimani miezi mitatu bila kuruka mlango hata mmoja, ndiye atakayekuwa msimamizi wa wasambazaji wote. Mwendo alikuwa amebakiwa na wiki moja. Hakumwambia kwa sababu hakutaka watu waseme amebebwa na bwana wa ramani.

"Miaka mitano nabeba mfuko," alisema. "Nilitaka kupanda kwa miguu yangu, na wewe umenishusha kwa kidole."

Akakata. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alimkalia fundi mapajani siku tatu nzima, maana Mwendo hakupokea simu tena. Nukta ya kijani ilipita tambarare bila kosa hata moja, na usahihi ule ulimuuma kuliko matusi.

Alhamisi yule mgeni aliacha kazi, milango mingi ya mlimani ikiwa haijaguswa. Fundi akapiga moyo konde, akaenda kwa mkurugenzi na kusema yote bila kuficha. Mkurugenzi alikuwa mama wa maneno machache.

"Mlima bado ni wa Mwendo," alisema. "Mimi nahesabu milango tu. Kesho jioni nikikuta hata mmoja umerukwa, anaanza miezi mitatu upya. Ila tambarare umempa wewe, nayo lazima aimalize kwanza."

"Basi niruhusu nimwanzie."

Mama yule aliviangalia viatu vyake. "Jaribu," alisema.

Ijumaa asubuhi, kwenye ngazi ya sabini, fundi alikuwa akiyaomba radhi mapafu yake. Ramani ilisema kuna milango mia moja na arobaini. Yeye alikuwa ameona sitini. Akaandika ujumbe: "Sikubembelezi. Niko mlimani na mfuko, na ramani yangu imenipoteza."

Simu ikaita papo hapo.

"Uko wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Huko kote ni ngazi. Unaona nini?"

"Tangi la maji."

"Lipe mgongo. Kuna ukuta wenye ufa, upite kwa kushoto. Utakuta milango minne, wa nne uko chini ya kibaraza. Lazima uiname."

Akainama. Mlango ulikuwepo. Fundi alibaki ameinama pale, akiwaza kwamba wiki zote alizokaa akitazama nukta, Mwendo alikuwa akiinama kwenye mlango ambao yeye hakujua kama upo.

"Mwendo."

"Ee."

"Nimekukosea. Nilikuamulia mambo yako kana kwamba huna akili ya kuyaamua. Nisamehe."

"Endelea kupanda," Mwendo alisema, lakini sauti ilikuwa imelainika.

Saa saba alitokea mwenyewe, tambarare ikiwa imekwisha, akamkuta ameketi, kiatu kimoja kimepasuka. Hakusema amesamehe. Alimpa chupa yake ya maji, akachukua nusu ya bunda, wakapanda pamoja, yeye akitaja milango na fundi akiiweka kwenye ramani mmoja mmoja. Jua lilipokuwa likipoa hapakuwa na mlango uliosalia.

Wiki iliyofuata Mwendo alipewa usimamizi, na pamoja nao ruhusa ya kupanga mizunguko. Jumatano fundi akakuta kwenye kompyuta mzunguko mpya wenye jina lake.

"Mpenzi, naona nyumba moja tu. Programu imeharibika?"

"Haijaharibika. Nimechora mwenyewe. Ni kwa mama yangu, Jumamosi saa kumi. Nimemwambia kuna mtu ana neno. Kama unalo."

"Ninalo tangu siku ya ukuta."

"Basi lilete."

Jumamosi alivaa viatu vile vile, vimeshashonwa, na ramani ikamfikisha bila kumgongesha popote. Mlangoni mkono ukawa mzito. Wasambazaji hawabishi hodi, husukuma karatasi chini ya mlango wakaenda zao. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Nukta imesimama nje," alisema Mwendo, na sauti yake ilisikika mara mbili, sikioni na nyuma ya mlango. "Usije ukapitisha kitu chini ukakimbia."

Fundi akairudisha simu mfukoni.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mwanangu," mama yake Mwendo akawahi kujibu. "Ingia nikuone. Nukta nimechoka kuitazama."