Mshahara wa Siku Thelathini

Saa kumi na mbili jioni, Nadira na mdogo wake Sabah hukaa barazani kumngoja baba yao. Nyumba yao iko Junda, Kisauni. Ni vyumba viwili vya kupanga, na uani ni pa kushirikiana na majirani. Nadira ana miaka tisa, Sabah ana minne. Wakimwona baba anakunja kona, hawamtazami usoni. Wanamtazama mkono.

"Baba, leo umekuja na nini?"

Mbwana huinua kifuko juu. Leo viazi karai. Jana halua. Juzi mishikaki sita na soda kubwa. Watoto huruka, na Mbwana huingia ndani kifua mbele. Mkewe, Mwanasaumu, humtilia maji ya kunawa, naye hufurahi. Nani asiyependa mume mwenye mkono wazi?

Shida ni kwamba furaha hiyo haikuwa ikifika mwisho wa mwezi.

Kwa miaka tisa Mbwana alikuwa kibarua. Alipakia malori na kulipwa kila jioni. Siku ya kazi, shilingi mia nane mkononi. Siku isiyo na kazi, hata ndururu hakuna. Kisha mwezi wa sita akapata kazi katika godauni moja karibu na Kipevu. Mshahara ni shilingi elfu ishirini na nne kila mwezi. Wakamwekea miezi minne ya majaribio. Tarehe thelathini Septemba angetia sahihi kandarasi ya miaka miwili, yenye likizo na matibabu, kama anaitaka.

Elfu ishirini na nne! Mshahara wa kwanza ulipoingia, Mwanasaumu aliuona kama bahari. Wakala pilau siku tatu mfululizo. Pesa zikaisha tarehe ishirini na mbili. Mshahara wa pili ukaisha tarehe kumi na tisa Agosti. Watu husonga mbele, wao wakirudi nyuma.

Jioni ya siku hiyo ya tarehe kumi na tisa, Mbwana hakupita barazani. Alizunguka kwa uani ili watoto wasimwone. Akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Mama Nadira, nimekata shauri," alisema. "Ile kandarasi sitii sahihi. Narudi kwa Nyale."

Nyale ni mnyapara. Yeye ndiye anayekusanya vibarua kila asubuhi.

"Ati nini?"

"Kibarua ni pesa mkononi kila jioni. Mshahara wa mwezi ni sifa tu, hauna baraka. Waona mwenyewe."

 Mwanasaumu alikumbuka mwaka ule Mbwana alipoteguka mguu. Alilala ndani wiki sita, na hakuna aliyemlipa. Alikumbuka pia mvua za masika, siku kumi na moja bila kazi, sima kwa chumvi. Aliogopa kurudi huko. Lakini alimjua mumewe. Ukishindana naye, hukaza kamba zaidi.

"Baba Nadira, nakuomba kitu kimoja," alisema polepole. "Nipe mwezi wa tisa. Niujaribu kwa akili nyingine. Pesa zisipofika mwisho wa mwezi, wallahi sitakuzuia. Utarudi kwa Nyale."

"Haya," alisema Mbwana. "Mwezi mmoja."

Ahadi ilikuwa rahisi kutoa. Ila hiyo akili nyingine, Mwanasaumu hakujua ataitoa wapi.

Kesho yake alikuwa akifua uani na jirani yake Rispa. Rispa ni mtu wa Siaya, ameishi Kisauni miaka kumi na miwili. Anatunza stoo ya chakula katika shule moja ya bweni. Mwanasaumu alimweleza yote.

Rispa aliacha kufua. "Mama Nadira, unajua mimi nalisha wasichana wangapi?"

"Sijui, Mama Clifford."

"Mia tatu. Chakula cha mwezi huja siku moja, kwa lori. Nikiwaachia wapishi mlango wazi, tarehe kumi tunakula ukuta! Kwa hiyo kila siku napima. Unga huu, maharagwe haya, mafuta haya. Nafunga mlango. Si wingi wa chakula unaoufikisha mwezi mwisho. Unaisha vizuri kwa sababu kila siku imepata haki yake."

"Sasa mimi stoo nitaitoa wapi?"

"Kwanza tutafute pesa zinakopotelea. Leo jioni nitakuja. Baba Nadira awepo. Na mlete kalamu."

Jioni walikaa mkekani. Rispa aliwaambia wakumbuke wiki moja tu, ile ya kwanza baada ya mshahara, na waandike kila kitu kilichonunuliwa.

Mwanasaumu alianza. Mafuta ya kupima ya shilingi ishirini asubuhi, ya ishirini jioni.

"Ngoja hapo," alisema Rispa. "Arobaini kwa siku. Mwezi mzima ni elfu moja na mia mbili. Dumu la lita tatu dukani ni mia tisa. Umelipa mia tatu za bure, na mafuta ni yale yale."

"Yallah! Na sukari nainunua hivyo hivyo. Na unga. Na majani ya chai."

"Hapo hukukosea zamani," Rispa alimtuliza. "Mtu anayelipwa kila siku hununua kila siku. Lakini sasa mnalipwa kwa mwezi, na bado mnanunua kama vibarua."

Ikawa zamu ya Mbwana. Mbwana alikuna kichwa. Ati hakukumbuka kununua kitu cha maana. Nadira alikuwa mlangoni, akashindwa kunyamaza.

"Baba, Jumamosi ulileta pweza wa kukaanga! Jumapili mishikaki. Jumatatu halua na soda. Jumanne kuku wa barabarani..."

Alizitaja siku zote saba bila kukosea hata moja. Mtoto hasahau kitamu. Rispa alijumlisha. Ilikuwa shilingi elfu moja mia moja na hamsini kwa wiki moja. Kwa mwezi, karibu elfu tano.

 Mwanasaumu aliona mumewe ameinamisha kichwa, akamhurumia.

"Mama Clifford," alisema Mbwana mwishowe, "mimi si mlafi. Miaka tisa sikuwahi kuingia nyumbani mikono mitupu nikiwa na kazi. Hata mkate nilileta. Sasa nalipwa mara moja kwa mwezi. Siku hizo nyingine zote niingie kama mgeni? Watoto wananitazama mkono. Naona haya."

Mwanasaumu hakuwa amelijua hilo. Kumbe mumewe hakuwa mtu wa anasa. Alikuwa akiona aibu, na aibu hiyo aliilipia kila jioni kwenye meko ya barabarani.

"Bandu bandu huisha gogo, Baba Nadira," alisema kwa upole. "Gogo letu limeisha hivyo."

Rispa alifikiri kidogo. Kisha akacheka. "Basi dawa ni hii. Ninyi mtakuwa na stoo, na mtunza stoo ni wewe, shemeji. Ufunguo uwe wako. Kila jioni ukirudi kazini, wewe ndiye utakayefungua na kupima chakula cha kesho. Mkono ni wako, na unatoa kila siku. Kuna haya gani hapo?"

Mbwana alimtazama kama aliyeona mlango pale alipodhani pana ukuta.

Siku zilizobaki za Agosti walizivuka kwa sima na mchicha. Tarehe thelathini na moja mshahara ukaingia. Safari hii hakuna pilau. Kwanza walitoa kodi ya nyumba, elfu sita. Kisha nauli ya Mbwana ya mwezi mzima, elfu nne, kwa sababu asiye na nauli hana kazi. Kisha shule na madrasa, elfu mbili. Zikabaki elfu kumi na mbili.

Kwa elfu sita walinunua chakula cha mwezi kwa Ahmad, mwenye duka la jumla. Mchele, unga, mbaazi, sukari, majani ya chai, mafuta ya dumu, na sabuni ya mche.

"Ee, Mwanasaumu, kuna harusi?" Ahmad aliuliza.

"Harusi ya nani? Tunakula tu," alijibu.

Vyakula vilitiwa kwenye ndoo zenye vifuniko, ndani ya kabati lililoinuliwa juu ya matofali, panya na fukusi wasipate njia. Kabati likatiwa kufuli. Shilingi mia sita zikawekwa kando kwa dharura. Zikabaki elfu tano na mia nne za makaa, maji, nazi, mboga na samaki. Mwanasaumu alizigawa katika mikebe minne, mkebe mmoja kwa kila wiki. Kila mkebe ukapata elfu moja mia tatu na hamsini. Alijiona fundi.

Jioni ya kwanza, Mbwana alikuja bila kifuko. Sabah alinuna. Lakini baba alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati, akaita, "Nani ataniletea kikombe cha kupimia?" Wote wawili walikimbia. Akapima mchele vikombe viwili na mbaazi kikombe kimoja. Sabah akapewa kazi ya kufuta juu ya kikombe kwa kidole ili kiwe sawasawa. Kufikia wiki ya pili, watoto walikuwa wakigombania kikombe hicho, na viazi karai vimesahaulika. Yaani si kabisa. Kila Ijumaa Mbwana alinunua kitu cha shilingi hamsini, kutoka kwenye mkebe. Nyumba isiyo na kitamu hata siku moja nayo ni jela.

Tarehe kumi na tisa ilipita. Ishirini na mbili ikapita. Mwanasaumu alianza kuimba akipika.

Kisha ikafika tarehe ishirini na nane usiku. Alichungulia mkebe wa nne, akakuta shilingi kumi. Alitazama kalenda ukutani. Kulikuwa na siku mbili zaidi.

 Wiki nne ni siku ishirini na nane, na Septemba ina thelathini! Alisahau siku mbili, na siku zenyewe ni zile ambazo Mbwana angetoa uamuzi wake. Pesa za dharura zilikuwepo, lakini samaki si dharura. Alijua ataulizwa, akaona bora aseme mwenyewe.

Jioni ya tarehe ishirini na tisa, Mbwana alipofika, alimwambia wazi. "Baba Nadira, nimekosea hesabu. Mikebe imekwisha. Leo na kesho hatuna pesa ya samaki wala mboga."

 Mbwana alifungua kabati, akainua vifuniko kimoja kimoja. Mwanasaumu alisimama nyuma yake.

"Mchele upo," alisema Mbwana. "Mbaazi zipo. Sukari ipo ya siku tatu. Mafuta yapo." Aligeuka. "Nazi je?"

"Imebaki moja."

"Basi kilichokosekana ni samaki tu?" Akaanza kucheka. "Mama Nadira, mwezi uliopita siku kama ya leo tulikosa hata chumvi!"

Walikuwa wanakula wali na mbaazi za nazi simu ilipolia. Alikuwa Nyale. Sauti yake ilijaza chumba.

"Yakhe Mbwana! Kesho kuna mzigo mkubwa, watu hawatoshi. Mia tisa mkononi, jioni hiyo hiyo. Nikuandike?"

Mwanasaumu aliacha kula. Mia tisa, na mikebe mitupu pale juu ya meza. Hakumkumbusha mumewe lolote. Alikuwa ameahidi kutomzuia.

Mbwana alimeza tonge lake kwanza. "Ahsante ndugu yangu kwa kunikumbuka," alisema. "Lakini usiniandike. Kesho nina kazi. Na baada ya kesho, miaka miwili, inshallah, nina kazi."

Alipomaliza kula aliomba daftari na kalamu. Kibarua haulizwi sahihi, na yake ilikuwa imesahauliwa na mkono. Aliijaribu mara nane, tisa, mpaka ikatulia. Mwanasaumu aligeuza uso, akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Yalikuwa ya furaha.

Kandarasi ilitiwa sahihi asubuhi yake. Rispa alipohadithiwa kosa la mikebe, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwezi wenye wiki nne kamili ni Februari peke yake, Mama Nadira! Usihesabu wiki, hesabu siku."

Oktoba Mwanasaumu alihesabu siku. Zilikuwa thelathini na moja. Aliipa kila siku shilingi mia moja na sabini, hakuikopesha wala kuinyang'anya. Zile mia sita za dharura zikawa elfu moja na mia mbili. Tarehe thelathini na moja asubuhi, mshahara mpya haujaingia, kulikuwa na haki ya siku hiyo pamoja na shilingi mia moja na thelathini zilizosalia juu.

Akachukua kikapu, akaenda kununua samaki, changu mkubwa.