Darasa la Majina Matupu

Kila asubuhi Chiriku aliwasha simu ya shangazi yake, akaingia darasani, akabonyeza alama ya mkono kuonyesha yupo, kisha akazima kipaza sauti na kuiegemeza simu kwenye cherehani ya shangazi. Baada ya hapo, huyoo! Mara kisimani, mara uani kuruka kamba na rafiki yake Mapengo, ambaye naye alikuwa "darasani". Majina yao yalibaki kwenye kioo, yametulia kama wanafunzi bora.

Paa la shule yao lilikuwa limeanguka kwa mvua, na shule nyingine ilikuwa mbali mno. Ndipo Mwalimu alipopanga darasa la mtandaoni, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi simu zao. Katika mpango wake, jina likionekana, mtoto yupo. Maskini Mwalimu! Watoto waliugundua upenyo huo mapema sana.

Siku moja Chiriku alirudi na ndoo ya maji, akasikia mtu analia. Alidhani ni shangazi. Kumbe ni Mwalimu, ndani ya simu.

"Kuna yeyote anayenisikia?" aliuliza. "Jaribio nililowapa juzi mmefeli wote. Afisa elimu anataka kulifunga darasa hili. Nimechoka, wanangu. Ninafundisha ukuta."

Chiriku aliweka ndoo chini. Darasa likifungwa, masomo ndiyo basi tena. Akisema kweli, ataadhibiwa. Akafungua kipaza sauti.

"Mwalimu, mimi nipo. Chiriku."

"Chiriku! Mbona siku zote husemi?"

"Huwa sipo, Mwalimu. Nabonyeza mkono, naondoka. Wenzangu pia."

Shangazi, aliyekuwa mlangoni na vitambaa vyake, alishika kiuno. "Kumbe bando langu lote hilo, iliyokuwa ikisoma ni cherehani?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akasema, "Nami nilihesabu majina, sikuwauliza watoto. Kawaite wenzako."

Chiriku alikimbia kila nyumba. Kwa Mapengo alimkuta mama mtu akifagia, macho yamemvimba.

"Baba yake ameona matokeo ya jaribio kwenye simu," alisema. "Kasema kusoma hakumfai. Kampeleka mbali kufanya kazi za ndani. Mwenzako ameondoka alfajiri, mwanangu."

Chiriku alirudi akilia njia nzima.

Kesho yake mpango ulibadilika: masomo mafupi, na kila mtoto kujibu kwa sauti. Afisa elimu alisikiliza, akakubali darasa liendelee muhula mmoja zaidi. Mwalimu aliahidi kwenda kuzungumza na baba yake Mapengo, ingawa sauti yake haikuwa na matumaini.

"Hamkunidanganya mimi peke yangu," aliwaambia. "Mlinifanya niwapangie masomo watoto wasiokuwepo, na waliozama sikuwaona. Usipoelewa, sema. Ukishindwa kuja, sema. Ukweli wako ndio utakaonionyesha pa kukushika mkono."

Kisha akaanza kuita majina.

"Chiriku?"

"Nipo, Mwalimu."

"Mapengo?"

Darasa zima lilisikiliza. Mwalimu alisubiri, akaita tena.