Nadhiri ya Chungu Kimoja

Wali ndio ulioanza kunuka. Nuru akaumwaga, akapika mwingine, nao ukanuka mzoga.

"Juma, umeoza huu!"

Mumewe akala sahani nzima, akalamba vidole. "Ni mimba hiyo, mke wangu. Usijali, it's normal."

Normal gani? Mimba ya miezi sita haigeuzi maji kuwa usaha. Kila alichotia mdomoni kilikuwa na nywele, na utelezi, na kitu kinachotambaa ulimini. Alitapika kwenye sinki la fleti yao ya ughaibuni, mtaani Etterbeek, mpaka ikatoka nyongo tupu. Siku ya tisa daktari akasema mtoto ameacha kukua.

Ndipo Juma akamleta Sheikh Radjabu, Mkongomani mtaalamu wa majini, kutoka mtaa wa Evere. Sheikh alinusa sebule, akaziba pua. "Maman, ulifanya nadhiri gani wewe?"

Nuru aliona aibu, lakini akasimulia. Mapema mwaka huo, 1996, alikuwa ameandika tasnifu juu ya masufi wa Delhi ya kale, waliomlisha kila aliyebisha hodi, Mhindu na Mwislamu, askari na ombaomba, kutoka chungu kimoja, wala chakula hakikulazwa hadi kesho. Aliapa kwamba akifaulu atalisha watu vivyo hivyo. Akafaulu, akapika biriani, wageni wakala. Lakini kuusifu ukarimu kwa kalamu ni kazi nyepesi. Alipobisha mzee mwenye kidonda kinachovuja shavuni, Nuru aliona kinyaa. Alimkusanyia makombo ya sahani za watu katika mfuko wa plastiki, akafunga mlango, nyama nzuri akaificha kwenye friji.

"Ule haikuwa muntu," Sheikh alinong'ona. "Ulimupa djini makombo, donc na yeye anakupa yake. Pika. Mukule naye sahani moja. Kama unatema hata punje, mutoto anakwenda."

Mchana uleule Nuru alipika, akaacha mlango wazi. Uvundo ulitangulia ngazini, kisha akaingia yule mzee wa kidonda, akaketi mkekani bila salamu, akatumbukiza mkono wenye usaha katika biriani, akafinyanga tonge, akalitafuna taratibu huku mate yakimchuruzika kidevuni, akalitema kiganjani, akamnyooshea Nuru.

Juma aligeukia ukuta. Sheikh alisoma dua.

Nuru akafungua mdomo. Tonge lilikuwa vuguvugu, na ndani yake mlikuwa na jino. Akameza vyote.

Mgeni akatoweka. Mtoto akacheza tumboni kwa nguvu, na Nuru akalia kwa furaha, akalishika tumbo kwa mikono miwili. Kisha akasikia, chini ya viganja vyake, meno yakitafuna.